Milimita na Kitabu cha Kuanzia

Jumatatu ile Milimita alikuja kazini na rula mfukoni, nikajua wiki imekwisha kuharibika. Rula yake ya chuma hukaa mezani, imefungwa kwa kamba ili asije mtu akaiazima. Akianza kutembea nayo, ujue kuna kitu kinamwasha na hakitamwacha, wala sisi wengine hakitatuacha.

Tunafanya kazi katika karakana ya kujalidi vitabu, chini kabisa ya maktaba ya chuo, ambako madirisha yako juu na unachokiona nje ni miguu ya wapita njia. Mimi nashona, yeye anakata. Kitabu kikisomwa mpaka kurasa zikaanza kudondoka, huteremshwa kwetu. Nakifumua, nakishona upya mkunjo kwa mkunjo, nampa. Yeye anaubana mgongo, anapaka gundi, kisha anakipitisha kwenye mashine ya kukatia ili kingo zote tatu zikae sawa, ndipo tunakivisha jalada jipya. Jina la Milimita alilipatia hapo kwenye mashine. Wakataji wengine niliofanya nao kazi walikuwa wakisema "inatosha." Yeye neno hilo halijui. Jina la kuzaliwa limo kwenye kadi yake ya kazi, na sidhani kama kuna anayelitumia zaidi ya mkewe, tena akiwa amekasirika.

Kilichokuwa kinamwasha ni kitabu. Si kitabu cha kukarabati, maana hivyo tunavyo vya kutosha kutuzika wote wawili. Alikuwa anatafuta kitabu kimoja cha kujisomea, cha somo linaloitwa nadharia ya modeli, na alikuwa na siku tano za kukichagua.

Milimita aliacha shule akiwa na miaka kumi na tano, baba yake alipopooza, akaingia kwenye ujalidi kama kibarua wa kukoroga gundi. Alipofika arobaini akaanza masomo ya jioni. Akafaulu hisabati akiwa na miaka arobaini na tatu, amekaa chumba kimoja cha mtihani na watoto wa rika la binti yake. Nikadhani basi, kiu imekata. Kumbe ndiyo kwanza imeanza. Mwaka uliofuata tulikuwa tunajalidi tasnifu za wanafunzi, akasoma ukurasa mmoja huku anapaka gundi, akasimama palepale na brashi hewani mpaka gundi ikakauka na brashi ikawa ngumu kama kijiti.

"Dada, sikiliza," akaniambia. Huniita dada ingawa nimempita miaka miwili tu. "Una orodha ya sentensi isiyo na mwisho. Huwezi kuzikagua zote. Lakini ukichota chache, zozote zile, na kila ukichota unakuta pana mahali zinapoweza kuwa kweli pamoja, basi na orodha nzima pana mahali inapoweza kuwa kweli pamoja. Nzima, bila kubakiza hata moja."

"Na brashi yangu?" nikamuuliza.

Tangu siku hiyo hakutulia. Akaanza kupanda ghorofa ya tatu kila mapumziko, kwa mwalimu wa mantiki, mama mmoja mfupi ambaye miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba na bado anaitafuta. Mama yule hakumfukuza. Alimjibu maswali, akampa kitabu kidogo cha mantiki ya mwanzo, Milimita akakimaliza. Halafu mwezi ule mwalimu akamwambia maneno yaliyomwondolea raha. Alikuwa anastaafu. Maktaba ingefungwa miezi mitatu ili paa litengenezwe, chuo kingekuwa likizo, na wiki ya kufungua ndiyo ingekuwa wiki yake ya mwisho hapo, wala hakuna mwingine chuoni anayelifundisha somo lile. "Soma sura tatu za mwanzo za kitabu chochote cha kuanzia," alimwambia. "Wiki hiyo uje unieleze ulichoelewa. Nikiona umeelewa, nitaendelea kukufundisha nyumbani kwangu."

Sasa sheria ya maktaba. Sisi wa karakana tuliruhusiwa kuazima kitabu kimoja kwa kipindi chote cha kufungwa. Kimoja tu, na mwisho ulikuwa Ijumaa saa sita mchana.

"Si ungemuuliza mwenyewe ni kitabu gani?" nikamwambia. "Kuuliza si ujinga."

Akatazama pembeni. "Alitaka kunitajia."

"Halafu?"

"Nikamwambia, mwalimu, usihangaike, vitabu ndiyo kazi yangu."

Nilikuwa na sindano mkononi na nilitamani kumchoma nayo. Na mwalimu mwenyewe alikuwa ameshasafiri siku ileile, kwenda kusahihisha mitihani mbali, asirudi mpaka chuo kifunguliwe. Milimita akabaki na simu yake. Alikuwa ameshinda Jumapili nzima akisoma mabishano ya watu mtandaoni kuhusu kitabu kipi kinamfaa anayeanza. Mmoja anasema hiki ni chepesi kama uji. Anayefuata anasema mimi nina shahada mbili na uji huo umenikaba. Kufika jioni alikuwa na majina kumi na moja na kichwa kinamuuma.

Saa tatu asubuhi aliteremka na toroli, vitabu vyote kumi na moja juu yake, akavipanga mezani migongo ikiangalia ukuta na kingo zikimwangalia yeye. Ndipo akatoa rula.

Nifichue siri ya kazi yetu. Mikono ya watu ina jasho na mafuta, na kila ukurasa unaofunuliwa unabaki na alama yake. Kitabu kikiwa kimefungwa, tazama ukingo wa mbele wa kurasa utaona weusi ulipoanzia na ulipokomea. Riwaya huchafuka sawasawa mpaka mwisho. Vitabu vya sheria vina michirizi miwili mitatu, miaka nenda miaka rudi ni ileile, pale mtihani unapotoka. Vya hisabati huwa vyeusi mwanzoni, kisha ghafla vyeupe, na hapo rangi inapobadilika ndipo watu walipokata tamaa. Milimita ndiye aliyenifundisha kuvitazama hivyo, na katika miaka kumi na tisa sikumbuki kitabu kilichotudanganya.

"Chekundu," akasema, akiandika. "Unene milimita thelathini na moja. Weusi unakomea ya tisa."

"Sawa."

"Cha kijivu. Unakomea ya nne. Hawa walikimbia."

"Pengine walielewa upesi."

"Dada, hakuna binadamu anayeielewa nadharia ya modeli kwa milimita nne."

Akaendelea hivyo, kimoja kimoja, akiinuka na kukaa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alipokifikia chembamba cha kijani hakukipima. Ukingo wake ulikuwa mweupe kama karatasi iliyotoka bundani sasa hivi. "Hiki hata hakijaguswa," akasema, akakisukuma upande wangu wa meza pamoja na vilivyokataliwa. Hakukifungua. Kisha akakishika kinene cha buluu, na nikaona mabega yake yakishuka. Weusi ulianza ukurasa wa kwanza ukaenda mpaka wa mwisho, milimita thelathini na nane zote.

"Hiki watu wamekimaliza," akasema polepole. "Kila aliyeanza amemaliza."

"Mchagua jembe si mkulima," nikamwambia.

"Jembe baya nalo linavunja mgongo," akanijibu, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka.

Jumanne alikuwa hali chakula, anazungusha kijiko tu, macho kwenye kile kitabu cha buluu kama mtu atakayeibiwa. Nikaona nimpe la kufanya. "Hebu niambie, hiyo modeli ni kitu gani?"

Akavuta karatasi taka, akaandika sentensi tatu. Kila mtu ana mkubwa wake. Mkubwa wa mkubwa wako ni mkubwa wako pia. Hakuna aliye mkubwa wa nafsi yake.

"Ni kweli hapa kazini?" akauliza.

Nikafikiri. "Ni kweli tupu."

"Mkubwa wako nani?"

"Mkutubi."

"Wa mkutubi?"

"Mkuu wa chuo."

"Wa mkuu wa chuo?"

"Waziri."

"Na wa waziri?"

"Mkewe," nikasema.

"Na wa mkewe?"

"Mbele za watu, waziri."

"Ahaa," akasema, na kijiko kikaanguka. "Basi waziri ni mkubwa wa mkubwa wake. Kwa sentensi ya pili, waziri ni mkubwa wa waziri. Na ya tatu imekataa. Umekwama, dada. Ukitaka zote tatu ziwe kweli, watu wasiishe kabisa. Kila ukipanda ngazi kuna mwingine juu. Sentensi tatu fupi, hazikutaja idadi popote, na zimekulazimisha uwe na dunia isiyo na mwisho. Dunia ambamo sentensi zako zote ni kweli, hiyo ndiyo modeli yake. Somo lenyewe linauliza hivyo tu: ukisema haya, dunia gani zinakubali?"

Niliitazama ile karatasi kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka aone. Alipogeuka nikaikunja nikaitia kwenye kopo langu la sindano.

Jumatano alikibeba cha buluu kwenda nacho nyumbani kukionja. Alhamisi, hata chai sijamaliza, mkewe akanipigia simu. Ni muuguzi, mtu wa maneno machache, na huniita wifi.

"Wifi, mtu wako amenishinda," akasema. "Nimetoka zamu nimemkuta anatembea sebuleni na kitabu, mlangoni mpaka dirishani, dirishani mpaka mlangoni. Ananiuliza mimi, eti uwanja uliofungwa wa hisabati ni uwanja gani."

"Ukamjibuje?"

"Nimemwambia kama hauvuji damu, si kazi yangu. Wifi, hakucheka."

Alipofika kazini niliona kwamba si wa kuchekeshwa kweli. Macho mekundu, shati amelifunga vifungo upande. Akakiweka cha buluu mezani bila kelele, jambo lililonitisha zaidi kuliko angekibwaga.

"Ukurasa wa kwanza kinadhani nimesoma vitabu vinne ambavyo sijavisoma," akasema. "Wa tatu kinasema 'kama msomaji anavyokumbuka.' Sikumbuki, dada. Nitakumbuka vipi kitu ambacho sijawahi kukijua?"

"Na weusi wote ule?"

"Nimeutafakari tangu alfajiri. Si wa watu waliokisoma mwanzo mpaka mwisho. Ni wa watu wanaojua tayari, wanaokuja kuangalia kitu kimoja, leo ukurasa huu, kesho ule. Kamusi nayo huchafuka mpaka mwisho, na hakuna anayejifunza lugha kwa kusoma kamusi."

Siku ile hakukata kitu cha maana. Alishika chekundu, akasoma kurasa mbili, akakiweka. Akashika cha kijivu, akakiweka, akarudi kwenye chekundu. Mshika mawili moja humponyoka. Yeye alikuwa na yanayomponyoka tisa. Akapima tena vilevile alivyopima Jumatatu, akapata vipimo vilevile, akavikasirikia. Mara mbili alipanda ghorofa ya tatu, akijua kabisa mlango wa mwalimu umefungwa, akarudi kuniambia umefungwa.

"Kaa chini," nikamwambia mwishowe. "Unanichanganyia nyuzi. Ni kitabu tu."

Akakaa. Akaongea akiitazama mashine yake. "Nina miaka arobaini na sita. Nikikosea kitabu nimeipoteza miezi mitatu. Nikiipoteza miezi mitatu nimempoteza yule mama. Na nikimpoteza yeye, dada, nitakufa najua kukata tu."

Neno lile liliniuma, maana mimi najua kushona tu na sikuwahi kuona kasoro. Nilitaka kumjibu vibaya. Nikamwona vidole vinacheza kwenye ncha ya rula, nikaendelea na kazi yangu.

Ijumaa alichoka. Saa sita kasorobo akakinyakua chekundu, akasema, "Inatosha," neno ambalo sijawahi kulisikia kinywani mwake, akapanda juu kukiandikisha. Mimi nikabaki kurudisha vilivyokataliwa kwenye toroli, maana vijana wa paa walikuwa wanasubiri kufunika rafu zote kwa plastiki.

Cha kijani kilikuwa cha mwisho. Nilipokishika, mkono wangu ukajua kitu kabla yangu. Mgongo ulifunguka kirahisi, ukalala wazi, kama zinavyolala kazi zangu na si kazi za kiwandani. Nikakifungua katikati ya mkunjo. Uzi ulikuwa wa buluu iliyokoza.

Kuna mwaka mmoja tu nilioshonea uzi wa buluu. Ilikuwa miaka tisa iliyopita, uzi mweupe ulipokosekana na mimi nikagombana na mkutubi mpaka akaniletea huo. Kitabu kile kilikuwa kimepita mikononi mwangu. Na kilichopita mikononi mwangu kilipita kwenye mashine ya Milimita, na ukingo wake mweupe haukuwa mweupe kwa kutoguswa. Ni yeye aliyeukata.

Sikumbuki kama niliiacha sindano mezani. Najua nilipanda zile ngazi na magoti yangu haya, nikamkuta mkutubi ameshainua mhuri juu ya kadi.

"Usigonge," nikasema.

Wote wawili wakanitazama. Nilikuwa sina pumzi ya maelezo. Nikakiweka cha kijani juu ya kaunta, nikakifungua katikati, nikamwekea kidole.

"Uzi wa nani huu?"

Akainama. "Wako."

"Na ukingo umekatwa na nani?"

Alikifunga, akapitisha dole gumba ukingoni kutoka juu mpaka chini, jinsi anavyofanya akimaliza kazi. "Mimi," akasema.

"Vinavyoteremshwa kwetu ni vipi?"

"Vilivyosomwa mpaka vikachanika."

"Basi hiki kilisomwa mpaka kikachanika, wewe ukakinawisha uso, ukakisahau, halafu Jumatatu ukaniambia hakijaguswa."

Kikulacho ki nguoni mwako, lakini hilo nilimwachia ajiambie mwenyewe. Alikuwa ameshakifungua ukurasa wa kwanza. Kurasa zilikuwa laini kama kitambaa kilichofuliwa sana. Nilimwona akisoma, midomo inatembea, akafunua, akasoma tena, na hakurudi nyuma hata mara moja. "Hiki kinaanza na mimi," akasema, kwa sauti ambayo sikuizoea. Kisha akafika mahali akaacha kusoma. Akakisogeza karibu na macho.

Pambizoni kulikuwa na maandishi ya penseli, madogo, ya mtu mwenye subira. Na kila mstari uliishia ukingoni, ukiwa umekatwa mwisho wake.

"Milimita tatu," akasema. "Siku zote huwa nakata tatu."

Mkutubi akauliza kama tunaazima au tunaomboleza, maana saa sita imekaribia. Tukaazima.

Miezi ile mitatu nilikwenda kwao mara nne, na kila mara nilimkuta amesimama. Kitabu kilikuwa chepesi kwa anayeanza, hilo lilikuwa kweli, lakini mwandishi alikuwa na tabia ya kuruka hatua, na aliyeandika pambizoni alikuwa ameijaza kila hatua iliyorukwa. Yaani amejaza, na Milimita amekata. Akanunua daftari. Kila maandishi ya penseli aliyakopi upande wa kushoto, na upande wa kulia akatafuta yaliyokosekana, neno fupi hapa, alama mbili pale. Hayakuwa ya kubahatisha. Usipoielewa hatua yenyewe huwezi kujua ilikuwa inaelekea wapi. Kuna kipande kimoja kilimchukua siku moja na kingine kikamchukua tisa.

"Bado anatembea," wifi aliniambia mlangoni, "ila sasa anajua anakokwenda. Mlango, meza, dirisha. Siku hizi na meza imo."

Lakini mwenyewe hakuwa na amani, na safari hii si kwa kukosa kitabu. "Mtu alikaa akaandika haya yote," aliniambia mara ya tatu. "Mimi nimepita na kisu kwa sekunde mbili. Nilikuwa najisifu ukingo umenyooka." Mara ya nne alikuwa amekwama kwenye zoezi la saba la sura ya tatu, la mwisho kabisa. Maandishi ya pambizoni yalikuwa mstari mmoja tu, ukaenda mpaka ukingoni, ukakatika. Vingine vyote alikuwa amevirudisha. Hicho aliapa hatakwenda kwa mwalimu bila kukirudisha, na zilikuwa zimebaki siku sita.

Siku ya sita aliniomba nimsindikize. Nikavaa viatu vyangu vizuri, sijui kwa nini, tukapanda ghorofa ya tatu. Chumba cha mwalimu kilikuwa maboksi matupu na maboksi yaliyojaa, viti vimeshaondolewa. Mimi nikabaki mlangoni. Milimita akaingia, kitabu kifuani, daftari kwapani, anahamisha uzito mguu huu mguu ule.

"Umechagua kipi?" mwalimu akauliza, akitafuta miwani iliyokuwa kifuani pake.

Akampa. Mama yule alikifungua, akafunua kurasa mbili, akakaa juu ya boksi.

"Kitabu hiki nilikisoma sijawa mwalimu wa mtu yeyote," akasema. "Peke yangu, kama wewe. Haya ni maandishi yangu." Akapitisha kidole pambizoni, kikafika ukingoni, kikasimama. "Nilikuja kukitafuta miaka mingi baadaye nikakuta kimefanywa hivi. Nimemlaani aliyekata mpaka nimezeeka."

Milimita angeweza kunyamaza. Maktaba ina wakataji wengi waliopita, na nani angejua.

"Ni mimi, mwalimu," akasema. "Milimita tatu."

Nikashindwa kujizuia. "Na kuandika kwenye kitabu cha maktaba ni kosa," nikasema kutoka mlangoni. "Katazo limebandikwa ukutani pale chini."

Mama akanitazama, akamtazama Milimita, mabega yakaanza kutikisika, na ikanichukua muda kujua kwamba anacheka. "Basi tumetoka sare," akasema. "Hebu hilo daftari."

Alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Mara akatikisa kichwa, mara akasema "ndiyo," mara akachukua penseli akasahihisha alama moja. Milimita alikuwa hatulii, anagusa boksi hili, anagusa lile. Alipofika zoezi la saba la sura ya tatu akaliweka daftari magotini, akafunika upande wa kulia kwa mkono.

"Hapa usinisomee. Nieleze."

Hapakuwa na chaki. Milimita aligeuza boksi tupu, akaanza kuandika ubavuni mwake kwa penseli, na akaongea. Sikuelewa hata robo, ingawa nilimsikia akisema watu wasiokwisha na ngazi isiyo na juu, nikajua ametokea kwenye ile karatasi yetu ya Jumanne. Nilichokitazama ni miguu yake. Alisimama nusu saa na zaidi mbele ya boksi lile na miguu haikuhama.

Alipomaliza, mama yule alikaa akilitazama boksi.

"Ndivyo ulivyokuwa umeandika?" Milimita akauliza. "Nimelitafuta siku kumi na moja. Ndivyo ilivyokuwa, kabla sijaikata?"

"Hapa hukukata kitu," akasema mwalimu. "Mstari wangu uliishia palepale. Nilikwama, nikakirudisha kitabu. Zoezi hili nilikuja kuonyeshwa na mwalimu wangu mwaka mwingine kabisa, mimi mwenyewe lilinishinda."

Nilidhani Milimita hakusikia. Kisha akakaa chini, sakafuni, katikati ya maboksi, kama mtu aliyetua mzigo.

Mwalimu alichukua penseli, akaandika kwenye kona ya boksi mtaa, namba ya nyumba, na Jumamosi saa nne. Milimita akakichana kile kipande kwa mkono, bila rula, kingo zikaenda upande, akakitia mfukoni.